Kuandika Riwaya za Taharuki za Kikristo Zenye Mambo ya Rohoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa muda mrefu. Mengine niliulizwa kwenye semina za vijana, watu wamesimama nje ya kanisa na chai ya rangi mkononi. Mengine yalikuja kwa ujumbe wa sauti wa dakika saba, saa sita usiku. Nimeyajibu kama ninavyowajibu wanaonipa miswada yao niisome. Mara kwa mara nitarudi kwenye hadithi moja ninayohangaika nayo mwenyewe, ya mhazini wa kanisa aitwaye Eliya, maana kuonyesha ni rahisi kuliko kueleza.

Riwaya ya namna hii ni ipi hasa? Si ushuhuda tu uliotiwa chumvi?

Hapana, na hapo ndipo wengi wanapokwama kabla hawajaanza. Sisi tumelelewa na ushuhuda. Tangu uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kusambaa Uganda, Kenya na Tanganyika, Mkristo wa huku amezoea kusimama mbele ya wenzake akasema: nilikuwa hivi, Bwana akanitendea hivi, leo niko hivi. Ibadani umbo hilo linajenga. Kwenye taharuki linaua, kwa sababu msimulizi yuko pale mbele, mzima wa afya, shati limepigwa pasi. Tumeshajua alitoka salama. Kilichobaki ni kusikiliza alitokaje, nasi tunasikiliza huku tunaangalia saa.

Riwaya ya taharuki inamwingiza msomaji ndani ya jambo kabla mwisho wake haujajulikana. Inakuwa ya Kikristo pale Mungu anapokuwa mhusika wa kweli ndani yake, hata kama hatajwi kila ukurasa. Kipimo changu ni hiki: mwondoe Mungu kwenye hadithi uone kama matukio yanavunjika. Kama yanabaki yalivyo, umeandika riwaya ya polisi na kubandika Zaburi mwisho wa kila sura.

Je, ni halali kwa Mkristo kuandika habari za mapepo na uchawi?

Anayeuliza hivi kwa kawaida ameshakatazwa na mtu. Mama mmoja wa kikundi cha maombi aliwahi kunirudishia kurasa zangu akiwa amezishika kwa ncha za vidole, kana kwamba zimemwagikiwa mafuta ya taa.

Mpelekee anayekukataza Biblia yake mwenyewe. Sauli anajibadilisha mavazi na kwenda usiku kwa yule mwanamke wa Endori, katika 1 Samweli 28. Wana saba wa Skewa wanajaribu kutoa pepo kwa jina wasilolijua, pepo anawauliza wao ni akina nani, kisha wanakimbia uchi wakiwa wamejeruhiwa, katika Matendo 19. Mwandishi wa Matendo anajua kusimulia: wale saba walikuja na ujasiri, akatuonyesha wanavyotoka mlangoni. Hakutufundisha uganga wao ulifanywaje. Mstari uko hapo. Andika uchawi unamfanya nini mtu. Usiandike namna ya kuufanya. Msomaji haongezewi hofu na orodha ya majani na manyoya. Anaogopa akimwona baba wa familia anachimba shimo chini ya mlango wake mwenyewe usiku, kwa kijiko cha chakula, ili jembe lisiwaamshe watoto.

Kila msomaji anajua Mungu atashinda. Taharuki itatoka wapi?

Hili ndilo swali lenyewe. Mengine yote ni matawi yake.

Miswada mingi inayonifikia inajengwa hivi: kuna familia, kuna mateso, pepo linatisha kurasa sitini, kisha mchungaji anaingia na Biblia mkononi, anakemea, pepo linatoka, watu wanalia kwa furaha. Msomaji Mkristo ameshaujua mwisho tangu ukurasa wa kwanza. Uzito ukiuweka kwenye swali la "nani ana nguvu zaidi," umeuweka kwenye swali ambalo jibu lake limechapishwa tayari.

Soma Matendo 12 kama mwandishi. Sura inaanza na Herode kumuua Yakobo, ndugu yake Yohana, kwa upanga. Mstari mmoja tu, bila maelezo. Mtume amekufa na hakuna malaika aliyetokea. Kisha Petro anakamatwa na kulindwa na vikosi vinne vya askari wanne wanne. Kwa kuwa Yakobo amekufa, hatuna tena uhakika wa Petro. Mungu yuleyule, kanisa lilelile, na mmoja ameshazikwa. Hapo taharuki imewashwa kwa sentensi moja.

Halafu muujiza unatokea mapema! Minyororo inaanguka, lango la chuma linafunguka lenyewe. Mwandishi wa kawaida angemalizia hapo. Huyu anampeleka Petro hadi mlangoni kwa waombaji, na kijakazi Roda anasikia sauti yake, anafurahi mno, anarudi mbio ndani na kumwacha amesimama nje. Walioko ndani, waliokuwa wakiomba kwa ajili yake, wanamwambia Roda ana wazimu. Petro anaendelea kubisha hodi, usiku, mtu anayetafutwa na mfalme. Lango la gereza lilifunguka lenyewe. Mlango wa waombaji ndio uliokuwa mgumu.

Nimejifunza mambo mawili hapo. Kwanza, Mungu kushinda mwishoni hakumaanishi huyu mtu wako atapona. Wale vijana watatu kwenye tanuru walisema Mungu anaweza kuwaokoa, na hata asipowaokoa hawatainama. Ni hilo "hata asipo" linalotupa pumzi ya kusoma. Pili, usiulize pepo litatoka au halitatoka. Uliza mtu atachagua nini likiwa bado lipo.

Hapo ndipo nilipompata Eliya. Ni mhazini wa kanisa la mabati Mbagala, mzee wa miaka hamsini na kitu, anayeaminiwa na kila mtu. Amekula fedha za ujenzi. Kwenye mkesha wa maombi analetwa mtoto aliyepagawa:

*Mtoto alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka, mama yake amemshika miguu. Alipofungua mdomo, sauti haikuwa nzito wala ya kiume. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ya darasa la nne, ile ya kusoma hesabu ubaoni. "Milioni nne," alisema. "Na laki mbili. Na elfu moja ya bajaji." Watu waliendelea kukemea. Eliya alinyamaza. Kisha, alipoona amenyamaza peke yake, akaanza tena kwa sauti kuliko wote.*

Sasa pepo linasema kweli, na anayetaka litoke haraka kuliko wote ni mwizi. Kanisa zima linaombea jambo jema, na mmoja wao analiombea kwa sababu mbaya. Kwamba Yesu ana mamlaka juu ya pepo hakuna anayebisha, mimi wala msomaji. Kinachotukalisha macho ni Eliya.

Lakini pepo linaweza kusema kweli? Shetani si baba wa uongo?

Ndiyo, Yohana 8:44. Lakini yule kijakazi wa Filipi mwenye pepo wa uaguzi aliwafuata Paulo na wenzake siku nyingi akipiga kelele kwamba watu hao ni watumishi wa Mungu aliye juu. Kila neno lilikuwa kweli, na bado Paulo alichukizwa akalitoa. Katika Marko 1:34 Yesu anawakataza pepo kunena kwa sababu walimjua. Kweli inaweza kutumika kama kisu. Mwandishi anayelielewa hilo ana adui mwerevu. Asiyelielewa ana adui anayenguruma tu, na mngurumo msomaji anauzoea kufika sura ya tatu.

Angalia pia mabwana wa yule kijakazi. Pepo lilipotoka, kipato chao kilikufa, wakampeleka Paulo mahakamani. Kule kwa Wagerasi nguruwe wapatao elfu mbili walizama, na wenyeji wakamwomba Yesu aondoke kwao. Ukombozi kwenye Biblia unaweza kuwa na mtu aliyepata hasara. Mtafute wako: nani alikuwa anakula kupitia mateso ya huyu mgonjwa?

Mambo ya rohoni yaonekane mapema au yachelewe?

Dalili mapema, sura yake baadaye, na kidogo. Elisha alikuwa anaona farasi na magari ya moto mlimani; mtumishi wake hakuona mpaka alipoombewa. Msomaji akae na mtumishi, si na Elisha.

Anza na kitu cha nyumbani kilichokosea kidogo tu. Mwiko unakwaruza sufuria jikoni saa tisa usiku, na wote wa nyumba hii wako kitandani, umewahesabu. Jogoo wa jirani hajawika siku tatu na hakuna anayetaka kulitaja. Hivyo vinatosha sura mbili nzima. Pembe, moto na macho ya kijani tumeviona kwenye filamu za Nigeria hadi watoto wanavicheka.

Niweke sheria gani za ulimwengu wa roho?

Ziandike kwenye karatasi yako kabla ya sura ya kwanza, na usizivunje. Je, pepo lako linajua mawazo ya mtu, au linajua tu yaliyosemwa na kutendwa? La kwangu linajua yaliyotendwa. Ndiyo maana linajua nauli ya bajaji. Je, linaweza kumgusa mwamini? Je, malaika anaweza kuchelewa? Danieli 10 inasema mjumbe alizuiwa siku 21 na mkuu wa ufalme wa Uajemi, nami sijui zawadi kubwa zaidi ya hiyo kwa mwandishi wa taharuki: jibu limeshatumwa na bado halijafika.

Halafu jua kanisa la mhusika wako. Miswada mingi inachanganya. Padri wa Katoliki hawezi kuamka tu asubuhi akaanza kupunga pepo: kanuni ya 1172 ya Sheria za Kanisa inadai ruhusa ya wazi ya askofu wa mahali. Hilo peke yake ni riwaya, mtoto anateseka na barua iko mezani jimboni. Kwenye kanisa la kipentekoste, kwa upande mwingine, anayekemea anaweza kuwa kijana aliyeokoka miezi minne iliyopita na ana ujasiri kuliko hekima. Mlutheri wa kijijini anaweza kuwa na wote wawili ndani ya usharika mmoja: mchungaji mwenye joho anayetaka utaratibu, na kikundi cha maombi cha Jumatano ambacho hakijamwambia kinachofanya. Usiandike "kanisa" tupu. Hakuna mahali panaitwa hivyo.

Nimpe mganga, mchawi au jirani nafasi gani?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa maandishi yanaweza kumuumiza mtu ambaye hajawahi hata kuyasoma.

Usukumani, Shinyanga na Mwanza, vikongwe wameuawa miaka mingi kwa kudhaniwa wachawi, na alama waliyopewa ni macho mekundu. Macho yale yalipikwa na moshi wa kuni na samadi kwa miaka hamsini. Kilifi, Kenya, wazee wameuawa kwa sababu ya mvi. Watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo Tanzania kwa imani kwamba viungo vyao vinaleta utajiri. Sasa wewe unaandika sura ambayo bibi mwenye macho mekundu anakaa peke yake mwisho wa kijiji, na mwishoni inathibitika kweli ni mchawi. Umetunga, najua. Lakini umempa kijana mmoja mwenye panga ushahidi.

Mimi nimejiwekea kanuni: kama mtu maskini, mzee au mgonjwa anashukiwa kwenye hadithi yangu, basi hana hatia, na aliyemshuku ndiye mwenye jambo la kuficha. Shuku ni nyenzo nzuri ya taharuki ukiipeleka kwa upotovu wa anayeshuku.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Uchawi ya Tanzania, Sura ya 18, ni ya mwaka 1928. Ya Kenya, Sura ya 67, ni ya 1925. Ni za kikoloni, zina kasoro zake, lakini zote zinamgusa pia anayemtangaza mwenzake kuwa mchawi. Eneo hili waandishi wa Kikristo wameliacha bila sababu: mhusika anasimama kanisani kumtaja mchawi kwa jina, watu wanapiga makofi, na Jumatatu polisi wanabisha hodi kwake yeye.

Jambo la mwisho hapa ni jirani Mwislamu. Nimesoma miswada mingi mno ambamo uovu unavaa kanzu, unatoka Pemba au Tanga na kuzungumza Kiarabu cha kubahatisha. Ni uvivu, na ni dhambi ya kumshuhudia jirani uongo. Shehe wa mtaani kwako anayapiga vita majini na hirizi kama mchungaji wako, na pengine kwa elimu zaidi. Sumbawanga na Gamboshi, zilizobandikwa sifa ya uchawi, nazo zimechoka. Jina Sumbawanga hufasiriwa kuwa "tupa uchawi," na bado kila mtunzi anauokotea hukohuko. Weka uovu kwenye mtaa wako, kwenye ofisi yako, kwenye kwaya.

Naweza kumfanya mchungaji kuwa mhalifu?

Unaweza, na msomaji hatashtuka kama unavyodhani. Februari 1, 2020 watu 20 walikufa Moshi wakikanyagana kufuata mafuta ya upako kwenye mkutano wa maombi. Mwaka 2023 msitu wa Shakahola, Kilifi, ulitoa miili zaidi ya 400 ya watu walioaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watamwona Yesu. Msomaji wako ameyaona haya kwenye taarifa ya habari. Ukimpa nabii mwongo hadithini atakuuliza tu umemchora vizuri kiasi gani.

Na kumchora vizuri maana yake ni kumpa sadaka za kweli, machozi ya kweli, na angalau mtu mmoja aliyepona kweli mikononi mwake. Nabii wa kuchekesha mwenye viatu vya mamba haogopeshi. Yule aliyemlipia mamako bili ya hospitali, huyo ndiye utashindwa kumkataa. Usimchukue mtu halisi ukambadilishia herufi mbili za jina, lakini. Hapo umetoka kwenye fasihi umeingia kwenye kesi.

Mtu mgonjwa wa akili au kifafa ni sawa kumwandika kama aliyepagawa?

Kuwa mwangalifu kuliko kawaida. Mathayo 17 inamtaja mtoto mwenye kifafa na pepo katika habari moja, na wengi wamesimama hapo hapo. Lakini kuna wasomaji wako wenye watoto wanaotumia dawa kila siku, na hadithi yako ikimfanya mzazi mmoja kuacha dawa, huwezi kuifuta.

Kwenye hadithi ya Eliya nilimweka daktari wa kituo cha afya, Mkristo, ambaye alimpima mtoto malaria kwanza, na ikawa anayo! Sehemu ya homa ilikuwa malaria kweli. Baada ya dawa homa ilishuka, na mtoto akaendelea kutaja hesabu. Dawa ilipofanya kazi yake, kilichobaki kilitisha zaidi.

Maombi niyaandikeje yasigeuke mahubiri?

Mhusika aombe akiwa na kitu mkononi. Eliya anaomba huku anahesabu vitabu vya risiti. Na aombe vibaya, kama tunavyoomba sote: anaanza na sifa, anaingia kwenye madai, anakumbuka gesi imeisha, anarudi. Ombi la kurasa mbili lenye sarufi safi ni hotuba kwa msomaji, Mungu hayumo.

Pepo lizungumze vipi?

Kwa Kiswahili cha nyumba ile. Usilibebeshe Kiarabu cha uongo wala "mwahahaha." Linatisha zaidi likitumia msemo wa bibi yenu aliyefariki, kwa lafudhi yake. Kunena kwa lugha usikutungie silabi. Sema tu alinena kwa lugha, ueleze uso wake.

Ninukuu Biblia ipi?

Wazee wa wahusika wako wamekariri Union Version ya 1952, yenye "amin, amin, nawaambia." Vijana wengi wanasoma Habari Njema, au programu ya simu. Tumia tofauti hiyo kwenye mazungumzo. Bibi na mjukuu wanaweza kugombana kwa mstari uleule. Na nukuu fupi. Msomaji akiona aya ya italiki ya mistari kumi anairuka, tena bila kuona haya.

Kila kitu kielezwe mwishoni?

Kuna njia mbili zenye heshima katika Kiswahili. Muhammed Said Abdulla alitupa moja mwaka 1960 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*: watu wanaogopa mzimu, Bwana Msa anakuja na kiko chake, anamtafuta binadamu nyuma ya uvumi, na anampata. Njia ya pili ni ile ya Frank Peretti, aliyeuvuta mkondo huu Marekani kwa riwaya yake ya 1986, ambamo malaika na mapepo wanapigana waziwazi juu ya mji mdogo na msomaji anawaona.

Mimi naona Mkristo wa Afrika Mashariki ana haki ya njia ya katikati. Sisi tunajua mzimu mwingine ni mtu, na mwingine si mtu. Walioenda Loliondo mwaka 2011 kunywa kikombe cha dawa ya Babu, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, kwa shilingi 500, hawakukubaliana waliporudi ni nini walichokunywa, na baadhi yao walikuwa kwenye gari moja. Eleza alichofanya mtu hadi senti ya mwisho. Kilichofanywa na upande wa pili unaweza kukiacha na pengo moja, moja tu. Ukiacha matatu msomaji atasema umeshindwa.

Nianze kwa kutoa vipande kwenye WhatsApp au Facebook?

Ndiyo, inafundisha nidhamu. Ukimaliza kipande kwa "Itaendelea" na wasomaji wakaanza kugombana usiku uleule nani kaiba, umefaulu. Wakiandika "Amina" na kulala, rudia.

Kuna mtego. Kipande cha mtandaoni kinataka mshtuko kila baada ya maneno mia nane, na riwaya nzima haiwezi kuishi kwa mishtuko. Ukikusanya vipande arobaini kuwa kitabu, tegemea kufuta robo. Na usiuze sehemu ya mwisho tu kwa elfu moja baada ya kuwapa watu thelathini na tisa bure. Nilifanya hivyo mara moja, na matusi niliyopata kutoka kwa watumishi wa Bwana sitayarudia hapa.

Nani atachapisha?

Wachapishaji wenye mizizi ya kanisa wapo: Central Tanganyika Press ya Dodoma, Ndanda Mission Press, Uzima ya Nairobi. Wengi wanaelekea vitabu vya mafundisho na ibada, hivyo andika barua ya ukurasa mmoja inayosema wazi hii ni riwaya, na taja pepo limo sura ya ngapi; usiwavizie. Ukichapisha mwenyewe Tanzania, namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, utaipata kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, na kazi yako unaweza kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kenya ni KECOBO kwa hakimiliki. Fanya hivyo kabla ya kuweka faili zima kwenye kundi lenye watu mia mbili.

Nikiandika usiku naota ndoto mbaya. Nifanyeje?

Andika mchana. Omba kama kawaida yako. Ukiendelea kuota wiki nzima, acha sura hiyo, andika ya sokoni. Na uliza ulikula nini saa nne.

Eliya aliishia wapi?

Naulizwa hili kila mahali niliposoma kile kipande, na jibu ni kwamba bado. Niko sura ya kumi na moja. Mchungaji amewaomba wote watoke nje isipokuwa mama wa mtoto na mhazini, maana anataka kufungua daftari la ujenzi waone namba ya mtoto imetoka wapi, na hana sababu yoyote ya kumshuku mhazini wake. Funguo ya kabati anayo Eliya, mfukoni. Mtoto amenyamaza kwa mara ya kwanza tangu saa mbili usiku, anamtazama.